Wolframu Yako Tumeipima Tena, Jovi

Jovi,

Vikaratasi vyetu vya shule vilianza na "natumaini u mzima kama mimi nilivyo", halafu tunacheka, kwa sababu tulikuwa tunaandikiana tukiwa dawati moja. Leo sijui niweke nini mahali pa maneno yale. Mimi ni mzima. Nimekaa chumba cha nyuma cha duka la baba, hapa Kayanga, mlango uko wazi. Mvua imekatika sasa hivi. Nje kuna mteja anamwambia baba kwamba makoleo ya siku hizi yanapinda, na baba anamjibu kwamba ardhi ndiyo imekuwa ngumu. Wiki iliyopita nilikuwa kwenu Kibingo. Nina habari yako, tena nzuri, nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Tumeipima tena wolframu, na imejibu.

Ngoja niende polepole, maana ungekuwapo ungeshanikata kauli: "Sema namba kwanza, Mswahili, hadithi baadaye." Hivyo ndivyo ulivyoniita tangu kidato cha kwanza, Mswahili, kwa sababu ukoo wetu umetoka Pangani na mimi sikuwahi kushika jembe. Nami nikakuita Mnyambo, kwa kabila lako. Ulikuwa binti wa kibanja, wa shamba la migomba na kahawa, Mlutheri, unaimba sauti ya pili kwa nguvu mpaka ya kwanza inasahau wimbo. Walimu hawakuelewa tulikuwa tunaongea nini muda wote. Na mimi leo sikumbuki tulikuwa tunaongea nini. Nakumbuka tu kwamba hayakuisha.

Nakumbuka lakini siku ile ya somo la kemia, mwalimu alipotaja madini mazito, wewe ukasimama bila kuitwa. Ukasema baba yako, kabla hajaoa, alichimba wolframu kwenye vilima vya Kyerwa, na nyumbani kwenu kipande chake kilikuwapo. Mwalimu akakuuliza kikoje. Ukasema, "Ni jiwe jeusi, mwalimu. Ukilinyanyua unahisi kama kuna mtu chini analivuta." Darasa likacheka. Wewe hukucheka. Baba yako alikuwa ameshafariki, na nadhani ulikuwa unamwona yeye ndani ya maneno yako.

Kwa hiyo sikushangaa, miaka mingi baadaye, uliponisimulia kwamba ulipofika ng'ambo kwa masomo, Profesa aliyekupokea alikusomea madini ambayo maabara ilitaka yapimwe, nawe ukadakia "wolframu" kabla hajamaliza sentensi. Nilipokufuata, nikapewa kazi ya vigunduzi, mitambo inayoona yasiyoonekana kwa macho, wewe ukawa tayari mwenyeji. Ulikuwa na majaketi mawili, unavaa yote kwa pamoja. Ulinipikia ndizi za dukani za kule, tukala, ukaweka kijiko chini ukasema, "Hizi ndizi hazina wazazi." Ramadhani yangu ya kwanza ugenini uliamka kula daku pamoja nami kila siku, halafu unakula na chakula cha mchana. Nikikuuliza, unasema unanisindikiza.

Baba hajasahau simu ile uliyomweleza kazi yetu. Alikuwa ameniuliza mimi, nikaanza kumpiga maneno ya vitabuni, ukaninyang'anya simu. "Shikamoo Baba. Fikiria watu wametoka sokoni Kayanga kwa mkupuo, wote wanakwenda Isingiro. Kuna wa bodaboda, kuna wa baiskeli, kuna wa miguu. Wewe umekaa mlangoni kwako kule Isingiro, una saa. Akifika mtu, huna haja ya kumuuliza amekuja na nini, saa imeshakwambia mwendo wake. Sisi tunaachia nyutroni hivyo hivyo, ni vitu vidogo sana, vinakimbia ndani ya bomba refu. Mwisho wa bomba tumeweka kibamba cha wolframu. Nyingi zinapita. Nyingine zinanaswa. Ikinaswa moja, chuma kinatoa mwale mdogo, nasi tunauona kwa mitambo. Mimi napima chuma hiki ni chepesi kiasi gani kunasa, na kinapenda zenye mwendo gani."

Baba akauliza, "Na faida yake, mwanangu?"

Ukamwambia kuna wanaojenga matanuri ya kuzalisha umeme kwa njia mpya, kuta za ndani wanataka ziwe za wolframu, lazima wajue zitameza nyutroni kiasi gani. Na ukamwambia kwamba madini mazito mengi, hata dhahabu, yalipikwa zamani ndani ya nyota kwa kunasa nyutroni, na anayejua wepesi wa kunasa anaweza kujua yalivyopikwa. Baba akarudia polepole, "Nyota." Halafu akasema, "Mashallah. Na mnakula vizuri?"

Mpaka leo anawaeleza wateja habari za watu wa Isingiro na bodaboda zao. Anachanganya kidogo. Siku hizi anasema nyutroni zina leseni.

Sasa kichuguu.

Unajua nilivyokichukia kichuguu chako. Grafu yako ilikuwa nzuri kuliko zote za maabara ile. Vilele vyote vya wolframu vilikuwa mahali pake, pale ambapo chuma kinanasa kwa pupa. Na namba yako kubwa, ile ya wepesi wa kunasa wa isotopu, aina ya wolframu, uliyokuwa unaipima, ilitoka chini ya namba ya kwenye majedwali ya wanasayansi. Yaani wolframu si mlafi kama watu walivyodhani. Lakini pembeni kikajitokeza kilima kidogo kisichojulikana, ukakipa jina la kichuguu, ukakipenda kuliko vilele vyote. Ulikuwa na hakika ni kipya. Profesa alisema ni uchafu ndani ya sampuli. Ulisema ni wolframu. Akasema kama sampuli ina uchafu, basi namba yote ina mashaka. Ukatoka ukagonga mlango, ukarudi ukaomba radhi kwa mlango, si kwa Profesa.

Kisha ukaanza kuchoka. Tulisingizia baridi. Tukasingizia kazi. Siku ile hospitali walipotuambia kwamba ni saratani ya damu, ulinishika mkono ukaniuliza kama gari la mwisho la kurudi nyumbani limeshapita. Ulikaa miezi ile yote ya dawa bila kulalamika, ukilalamikia chakula tu. Na dawa zilipokwisha uwezo ukasema, "Kama ni kulala, nikalale kwetu."

Simu yetu ya mwisho, ukiwa umesharudi Kibingo, ilikuwa mchana. Nilisikia kuku kwa nyuma, na mama yako akimfukuza mbuzi. Nilikuahidi kwamba nitakwenda kwa Profesa nikutetee, nitamwambia kichuguu ni cha kweli. Sauti yako ilikuwa nyembamba, lakini ukali wake ulikuwa wote. "Usinitetee, Nuru. Mimi si mshtakiwa. Tafuta wolframu nyingine, safi, upime. Ikiwa ni uchafu, useme ni uchafu." Ukapumzika. Halafu ukasema, "Lakini siyo uchafu."

Sikukuzika, Jovi. Nilikuwa angani ulipozikwa, na nilipotua ndugu zangu wakaniambia njia ya kwenu imekatwa na mvua. Nilikaa Kayanga siku chache, nikarudi kazini bila kukuona ulipolala. Nililia ndani ya ndege mpaka mwanamke wa kiti cha jirani akanifunika na kanga yake. Sikumuuliza jina.

Niliporudi maabara, Profesa alikuwa amezeeka ghafla. Alikupenda, yule mzee, kwa namna yake ya kubishana. Akaniambia kwa upole kwamba vipimo vyako tuviweke kando, wolframu iachiwe wengine, mimi niendelee na vigunduzi vyangu. Nikasema hapana. Sikupiga kelele, wewe unanijua. Nilikaa tu ofisini kwake nisitoke. Nikamwambia naomba mwale wa nyutroni, naomba sampuli mpya kutoka kiwanda kingine, na ile ya zamani ipelekwe kwa wakemia. Akaniuliza, "Na ukikuta alikosea?" Nikamwambia alishanielekeza la kufanya.

Kusubiri zamu ya mashine ni kazi peke yake. Zamu ilipofika nilipima dhahabu kwanza, kama ulivyonifundisha, kwa kuwa dhahabu inajulikana vizuri inavyonasa na kila kitu kinalinganishwa nayo. Ikakaa sawasawa. Nikatoa dhahabu, nikaweka wolframu mpya. Niliogopa kukiangusha kile kibamba. Halafu nikakaa mbele ya skrini kutazama grafu ikijijenga nukta kwa nukta, kama mtu anayesubiri wali uive kwa kufunua sufuria kila mara. Kilele cha kwanza. Cha pili. Nikangoja pale pembeni, mahali pa kichuguu chako.

Hapakuota kitu. Nilingoja zaidi, nukta zikaongezeka, pakabaki tambarare.

Nikakuonea huruma. Halafu nikakukasirikia. Halafu, nisamehe, nikacheka, peke yangu mbele ya mitambo, kwa sababu nilikusikia kabisa ukisema mashine ina matatizo. Wakemia nao wakaleta jibu lao: ndani ya sampuli yako ya zamani kulikuwa na chembe za tantalamu. Ni chembe tu, lakini tantalamu ni mlafi wa nyutroni kwelikweli, kiasi kidogo kinatosha kujionyesha. Kichuguu kilikuwa chake. Ulikosea, rafiki yangu, na Profesa alikuwa sahihi.

Lakini sikiliza. Nikakaa chini kukokotoa namba kubwa, ile ya wepesi wa wolframu kunasa, kwa sampuli safi. Ikatoka chini ya majedwali. Tena ilikuwa chini kidogo kuliko yako, kwa sababu uchafu ulikuwa unaiongezea yako. Nikarudia hesabu. Nikampa Profesa data zote bila kumwambia jibu langu, naye akakokotoa kivyake. Tulipolinganisha, alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Akasema, "Alikosea penye kilima kidogo. Penye jambo lenyewe alikuwa sahihi."

Makala ikatoka. Jina lako ndilo la kwanza. Si mimi niliyeomba, Profesa alishaliandika kabla sijafungua mdomo, na chini yake kuna maelezo mafupi kwamba mwandishi huyu amefariki. Habari ya tantalamu tumeiandika waziwazi. Baadaye watu wa maabara nyingine, wanaopima kwa njia tofauti kabisa, wakatuandikia kwamba na wao wamepata hivyo hivyo. Wanataka kubadilisha jedwali. Nilisoma ule ujumbe nimesimama kwenye foleni ya mkate, nikatoka kwenye foleni.

Basi likizo hii nikasema nakwenda Kibingo kumwambia Mama.

Bodaboda aliniacha njia panda, nikatembea kipande cha mwisho. Kwenu kumebadilika kidogo. Mmeweka tangi la maji. Dada yako Adela ameolewa, lakini yuko jirani, alikuja na mtoto mgongoni. Mama alikuwa anaanika kahawa kwenye turubai. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, halafu akaniangalia, akaniita "Nuru wa Jovitha", na hapo wote wawili tukashindwa kuendelea na salamu. Akanikalisha, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kipande cha jani la mgomba. Nilitafuna polepole. Ulinifundisha wewe, ukinicheka ninavyokunja uso.

Nilianza kumweleza habari njema. Akanisikiliza kwa adabu, lakini niliona kuna kitu kinamkaa. Mwisho akasema, "Mwanangu, nikuulize. Watu hapa wanasema ni kazi ile iliyomuua. Wanasema alikuwa anashika vitu vyenye mionzi, vikamwingia kwenye damu. Mimi ndiye niliyemruhusu aende. Niambie, hata kama ni hivyo, niambie."

Jovi, hukumwambia. Labda ulidhani hatauliza. Ameishi na swali hilo muda wote huu, anapalilia nalo, anaenda nalo kanisani.

Nikamwambia kweli yote ninayoijua. Kwamba kila mmoja wetu anavaa kipimo cha mionzi kifuani siku zote za kazi, na kwamba chako nilikiona mara nyingi, hakikuwahi kuonyesha cha kutisha. Kwamba mashine ikiwaka hakuna mtu anayeingia chumbani. Kwamba madaktari waliulizwa swali hilohilo, na mimi nilikuwapo, wakasema ugonjwa ule unawapata watu wa kila namna, wakulima na watoto, na hawakuona sababu ya kuufunga na kazi yako. Nikamwambia pia kwamba mimi nimefanya kazi ileile, kwenye vyumba vilevile, na nimekaa mbele yake.

Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akauangalia kama anatafuta kitu. "Kwa hiyo haikumla kazi yake," akasema.

"Haikumla, Mama. Aliipenda."

Akafuta uso kwa kitenge. Adela akajifanya anamnyonyesha mtoto ambaye alikuwa amelala. Halafu Mama akasema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti niliyoikumbuka, "Haya, sasa nieleze upya. Mwanzo sikuwa nasikia."

Nikamweleza upya, kwa maneno yako, na watu wa sokoni na saa. Alifuata vizuri. Akauliza, "Na hicho chuma kikimeza, kinashiba?" Nikamwambia hakishibi, ila kikimeza kinaweza kugeuka, baada ya muda kinakuwa madini mengine yenye jina lingine. Akasema, "Kama msichana aliyeolewa." Adela akasema, "Mimi sijageuka." Mama akasema, "Wewe hujameza."

Nilipofika kwenye kichuguu niliogopa. Nikamwambia, Mama, hapo Jovitha alikosea. Akacheka, Jovi! Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema ulipokuwa mdogo ulibishana na mchungaji juu ya kuku ni wa nani, kuku mwenyewe akaondoka zake kwenda kwa mchungaji, na bado hukukubali. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kisha akanipeleka kwako, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Pamefagiwa. Pana msalaba wa saruji, na Mama amepanda maua yale mekundu ambayo ungesema yana kelele. Yeye akaomba kwa namna yake, mimi kwa namna yangu, hatukupishana. Nilikaa kidogo peke yangu. Nilidhani nitakuambia mengi, lakini nilikuambia tu namba. Ulikuwa unaitaka kwanza siku zote.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Leo asubuhi Adela amenipigia simu. Juzi Jumapili, baada ya ibada, yalipofika matangazo, Mama alisimama. Unajua Mama hasimami. Akaenda mbele, akaomba dakika, akawaambia kwa Kinyambo kwamba anataka waelewe binti yake alikuwa anafanya nini kule ng'ambo, na kwamba hakufa kwa kazi yake. Neno la nyutroni hakuwa nalo, kwa hiyo aliiita kale kadogo kasiko na umeme, kanakopita kwenye chuma bila kugonga mlango. Adela anasema alikosea hapa na pale. Anasema pia hakuna aliyekohoa. Mama akawaambia wolframu ya milima yetu imo kwenye vitabu vya dunia kwa namba ambayo binti yake aliipima, akakosea kidogo, akasahihishwa na rafiki yake. Halafu akarudi kukaa, na mama wa benchi la nyuma, yule ambaye maneno ya mionzi yalianzia kwake, akainuka akaja kumkumbatia.

Adela aliniambia kwamba usiku ule Mama alilala mapema, na asubuhi alichelewa kuamka. Anasema haijatokea tangu uondoke.

Basi, Jovi. Muhula ukianza nahamia hapa nchini, nimepata kazi ya kufundisha. Profesa atanialika kila mwaka kwenda kupima, na kuna isotopu nyingine ya wolframu ambayo haijaguswa vizuri. Hiyo nitaifanya. Nitawachukua wanafunzi wangu, wapige kelele, wabishane nami, nami nitajitahidi kuwavumilia kuliko nilivyokuvumilia. Na msimu wa kahawa nitakwenda Kibingo kila mwaka kumsaidia Mama kuchuma, ingawa Adela ameshasema sitafaa kitu. Hii nakuahidi, na Mama ameshanitafutia kikapu.

Lala salama kwenye migomba yenu, rafiki yangu. Mungu wako na Mungu wangu, ambaye tuliacha kubishana juu yake tangu kidato cha pili, akuweke pazuri.

Ni mimi,
Nuru